Ukurasa wa Sita

Garsen, 4 Agosti 1997

Kwa Kassim Abduba, mwenyekiti wa kamati ya shule, Chewele

Ndugu yangu mnywa maziwa,

Sisi wala samaki wa huku chini ya mto bado tuko hai, ijapokuwa viboko wameumaliza mpunga wa Gladys kule Idsowe na mke wangu ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewaalika. Nyinyi hamjambo? Ng'ombe hawajambo? Najua hilo la ng'ombe ndilo nililopaswa kuanza nalo.

Leo nakuandikia kwa shughuli rasmi. Sista wetu wa zahanati ya misheni atapita huko wiki ijayo kwa gari, naye amebeba boksi lako. Ndani mna vidonge vya kichocho kwa wanafunzi wenu, na karatasi mia za kuwasomea wazazi. Karatasi hizo, Kassim, nimeziandika mimi. Usicheke. Tuliletewa kijitabu cha Kiingereza, kurasa nane, cha kumweleza mgonjwa ugonjwa wake. Sista akauliza nani atakiweka kwa Kiswahili ambacho mama wa kawaida atakielewa. Daktari hatuna. Yuko dresa, miaka ishirini na sita ya kuosha vidonda, ambaye watu wa soko humwita daktari wanapoumwa na Philemon wanapopona. Nikasema nitajaribu.

Nakuonjesha:

"Kichocho hutoka wapi? Hutoka kwenye maji yaliyotulia. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya mnyoo huanguliwa na vijidudu huingia ndani ya konokono mdogo. Vikikomaa hutoka na kumpenya mtu ngozini akiogelea, akifua au akinywesha mifugo. Dalili yake ni nini? Mkojo wenye damu, hasa mwishoni. Je, damu hiyo ni ishara kwamba mvulana amekuwa mwanamume? Si kweli. Ni ugonjwa. Je, hupona? Hupona, kwa vidonge vinavyomezwa siku moja tu, kwa kadiri ya uzito."

Na konokono nimemchora kwa mkono wangu. Mashine yetu ya stensili hutoa karatasi moja, pande mbili, kwa hiyo nilipunguza maneno hapa na pale ili apate nafasi. Uniambie kama anafanana.

Wako asiyejua kuchora lakini anachora,
Philemon Dhadho


Chewele, 25 Agosti 1997

Bismillahi.

Kwa mla samaki aliyegeuka mwandishi,

Boksi limefika. Gari la sista lilikwama mchangani mara mbili na watu wangu wakalisukuma, nawe uliandike hilo kwenye kitabu chako cha shukrani.

Ijumaa baada ya swala niliwakalisha wazazi nikawasomea. Kiswahili chako ni kizuri kuliko kilimo chako. Ila huyo konokono! Mzee mmoja aliigeuza karatasi mara tatu, akauliza kwa nini umechora kilemba kilichoanguka. Akina mama walielewa kila kitu. Watoto wamemeza, wawili wametapika, mmoja alikimbilia vichakani akarudishwa kwa ahadi ya sukari.

Nilipofika pale pa "si kweli, ni ugonjwa" nililikumbuka lile jiwe letu. Unakumbuka, au umejisahaulisha? Mwaka wa hamsini na saba, ile shule ya misheni ukingoni. Chifu alikuwa ameagiza kila boma letu litoe mtoto mmoja wa kusoma, na baba akanitoa mimi kwa sababu kuchunga sikujua. Nyinyi wana wa mto mlikuwa mkijipanga mstari mkikojolea jiwe jeupe, na jiwe likiwa jekundu mnapigiana makofi. Langu lilibaki jeupe. Ukaniambia, wewe Philemon kwa mdomo wako, kwamba mimi bado mtoto na dawa yake ni kuogelea. Nikaogelea miezi sita, nikakaribia kufa mara nne. Siku damu ilipotoka ulinikatia muwa mzima. Wallahi nilijivuna kuliko siku ya tohara.

Sasa cheka. Yule mgeni mwekundu amerudi. Tangu Ramadhani iliyopita anakuja, anaondoka, hanitii uchungu wowote. Nimejipima kwenye mizani ya mbuzi, nikahesabu kama karatasi inavyosema, nikameza vidonge vitano vilivyobaki. Miaka hamsini na miwili, na nimekuwa mvulana tena. Usimwambie mtu.

Kassim


Garsen, 9 Septemba 1997

Kassim kijana wangu,

Nimecheka mpaka Gladys ameacha ungo wake akaja kuuliza kuna nini. Sikumwambia, nimetii. Jiwe nalikumbuka. Muwa nao naukumbuka zaidi, kwa sababu niliuiba na nikachapwa kwa ajili yake, jambo ambalo kwa miaka arobaini sikukuambia ili usijione wa thamani.

Kuhusu mgeni wako, umefanya vizuri kumeza. Usiwe na wasiwasi. Mayai ya zamani yanachukua muda kutoka mwilini, kwa hiyo damu itaonekana wiki kadhaa bado. Subiri miezi mitatu. Desemba ikifika na yeye hajaaga, tutammezea tena vidonge. Mtu anayesoma maandishi yangu kisha akayatii ni adimu sana. Nyumbani kwangu sijampata.

Mawingu ya huku yanaanza mapema mwaka huu. Watu wanasema itanyesha vizuri.

Wako,
Philemon


Chewele, 30 Novemba 1997

Kwa Ami Philemon,

Shikamoo. Mimi ni Kaltuma, binti wa Kassim, yule mwalimu wa darasa la pili. Baba hajui ninaandika. Barabara imeliwa na maji pande zote mbili. Barua hii naipa watu wanaoteremka kwa mtumbwi, ikifika ni Mungu.

Ami, baba amekonda. Anafua nguo zake mwenyewe, na hajawahi kushika sabuni ya kufulia tangu nimjue. Juzi nilimnyang'anya shuka kwa nguvu. Si mkojo wenye damu tena, ni mabonge. Siku nyingine mkojo unaziba kabisa, anazunguka nyuma ya zizi ameinama mpaka upite. Anamwambia mama ni tumbo la maji machafu.

Nimemwomba twende hospitali wakati helikopta za chakula zinatua Hola. Amekataa. Anasema, "Philemon amesema nisubiri mpaka Desemba."

Ami, kesho ni Desemba.

Mwanao,
Kaltuma Kassim


Garsen, 19 Desemba 1997

Ndugu yangu Kassim,

Garsen imekuwa kisiwa. Idsowe imelala chini ya maji, na Gladys anapika juu ya meza ya kufungia vidonda. Nimeacha mzaha hapo, kwa sababu nina neno moja.

Usisubiri tena. Tafuta njia yoyote, ndege ya msaada, lori, mtumbwi, ufike Mombasa kwenye hospitali kubwa. Waambie una damu kwenye mkojo karibu mwaka mzima na umri wako ni miaka hamsini na miwili. Waambie hivyo hivyo. Watakufanyia kipimo, na nakieleza ili usije ukashtuka. Watakulaza, watakuchoma sindano ya mgongoni ya kutia ganzi kuanzia kiunoni. Kisha daktari atapitisha bomba jembamba lenye taa kwenye njia ya mkojo, achungulie ndani ya kibofu. Hutasikia uchungu. Akiona kitu asichokipenda atanyofoa kipande kama punje ya mchele kikapimwe. Siku mbili tatu baadaye mkojo utawasha. Unywe maji mengi.

Vidonge havitoshi, Kassim. Nenda.

Philemon


Chewele, 6 Januari 1998

Bismillahi.

Philemon,

Karatasi yako, iliyosomwa mbele ya wazee wa Chewele kwa sauti yangu, inasema hupona kwa vidonge vya siku moja. Barua yako ya Septemba inasema miezi mitatu. Barua yako ya Desemba inasema nivuke bahari hii ya matope ili mtu nisiyemjua apitishe taa mahali ambapo hata mke wangu haulizi habari zake. Nimfuate Philemon yupi?

Tuko kwenye mwezi mtukufu. Ng'ombe wanaharibu mimba, ndama wanakufa, mizoga haina pa kuzikwa kwa sababu kila mahali ni maji. Wachungaji wangu wawili wana homa. Nikiondoka sasa, nitakuwa mzee aliyekimbia boma lake kwa sababu ya haja ndogo.

Tumejuana tangu tulipokuwa matako wazi. Wewe ukiogopa huacha mzaha, na barua yako yote ina mzaha mmoja tu. Kama kuna jambo unalijua, liandike. Kama hakuna, niache nihangaike na wanyama wangu.

Kassim


Garsen, 20 Januari 1998

Kassim,

Lipo.

Kaltuma aliniandikia. Usimkemee, ana akili kuliko sisi wawili. Barua yake ilinikuta tarehe kumi na tano Desemba, siku ambayo ndege ya msaada ilituletea daktari wa siku mbili. Nilimwandalia chai. Nikamwonyesha karatasi yangu pamoja na kile kijitabu cha Kiingereza, na nakwambia ukweli, nilikuwa nangoja amsifu konokono. Aliisoma pande zote mbili, akaiweka chini, akaniuliza, "Ukurasa wa sita uko wapi?"

Nakunakilia ukurasa wa sita. Hivi ndivyo ningeuandika kama ningeuandika:

"Mtu aliyeishi na kichocho tangu utotoni anaweza, baada ya miaka mingi, kupata saratani ya kibofu. Mtu mzima aliyepita miaka arobaini akiona damu kwenye mkojo, hata kama hana maumivu, hata kama amemeza vidonge, asisubiri. Achunguzwe ndani ya kibofu mapema iwezekanavyo."

Niliusoma mwezi wa Julai. Niliuelewa vizuri kabisa. Nikauacha, kwa sababu nilisema moyoni hii ni karatasi ya watoto wa shule, na wazee hawasomi mambo ya watoto, na nafasi haitoshi. Nafasi ilitosha. Nilimpa konokono nafasi yako.

Hilo lingekuwa kosa la mtu mjinga, nawe umenizoea. Lakini uliponiandikia mwezi wa Agosti, ukanitajia damu, ukanitajia miaka yako, ukurasa huo haukunijia hata kidogo. Nilikumbuka muwa. Nilicheka, nikakwambia subiri miezi mitatu.

Sijui kama unayo hiyo saratani. Daktari alisema huenda ni kovu tu la zamani, wengine huwa hivyo. Lakini alisema pia kwamba mabonge na kukonda havimpendezi. Ikiwa imekamatwa ndani ya kibofu peke yake, madaktari hukiondoa na mtu akaishi. Ikishavuka nje, hawana la kufanya. Ndiyo maana ya kukimbia.

Sikuombi msamaha leo. Nitauomba ukirudi kutoka Mombasa, kwa sababu nataka uwe na sababu ya kurudi kunitukana.

Nenda.

Philemon


Mombasa, wadi ya wanaume, 17 Machi 1998

Bismillahi.

Philemon,

Barua yako ilinifikia siku ya Idi, mikononi mwa mtu aliyeikalia kwenye lori siku nne. Niliisoma, nikaenda kuswali, nikarudi nikaisoma tena. Nilikasirika siku kumi na moja. Kaltuma alihesabu, kwa sababu siku hizo sikusema naye wala na mtu. Mto ulikuokoa. Kama barabara ingekuwa kavu ningekuja Garsen na fimbo.

Mara mbili umeniambia kwamba damu yangu si kitu. Mara ya kwanza ulikuwa na miaka kumi na miwili, hiyo nimeifuta. Hii ya pili bado naibeba.

Sasa habari. Tulizunguka Garissa, Nairobi, ndipo Mombasa, kama mtu anayejikuna sikio la kushoto kwa mkono wa kulia. Hapa walinipanga foleni wiki mbili. Kipimo kilikuwa kama ulivyosema, na hilo linaniudhi zaidi, kwamba unaweza kusema kweli ukitaka. Miguu yangu ilikufa ganzi, nikawa naiona kama ya mtu mwingine aliyelala kitandani mwangu. Daktari alikuwa mtoto wa juzi. Aliniuliza kama ningependa kuchungulia mwenyewe kwenye hilo bomba lake. Nikamwambia kibofu changu na mimi tumeishi miaka hamsini bila kuonana, tusianze leo.

Punje ilirudi jana. Ni ile ya ukurasa wa sita.

Wanasema bado wanaamini imo ndani. Wanataka kukiondoa kibofu chote, waupitishe mkojo kwenye kipande cha utumbo mpaka utokee tundu la tumboni, uingie mfuko unaobandikwa ubavuni. Nitakuwa nao mpaka kufa. Daktari anataka nitie sahihi wiki hii.

Nimemwambia sitii. Mtu anayevuja saa ishirini na nne anatawadhaje? Atasimamaje safu ya mbele na mfuko wa mkojo chini ya kikoi? Wewe ndiye mtaalamu wa karatasi. Nenda kwa Maalim Dukicha hapo Garsen, umuulize, uniandikie anavyosema neno kwa neno. Bila hilo, kalamu sishiki.

Kassim


Garsen, 6 Aprili 1998

Kassim,

Barua yako imekaa njiani siku kumi na tano. Nimeipata Jumatano, Jumatano hiyo hiyo nikaenda.

Maalim Dukicha aliponiona mlangoni mwa msikiti nikiwa nimevua viatu, uso ulimng'aa. Alidhani hatimaye nimeiona njia. Nikamweleza ni habari za kibofu, akahuzunika kidogo, lakini kibofu cha nani nilipomwambia, akanipeleka dukani kwake, akaniketisha na kufunga mlango. Alifungua vitabu viwili. Mimi niliandika kwenye karatasi za zahanati, naye akanisomesha nilichoandika mara tatu, kwa sababu kasikia sifa zangu za kuruka kurasa. Ndiyo, yamefika mpaka huko. Nastahili.

Neno kwa neno: "Mtu asiyeweza kuuzuia mkojo ana udhuru. Wakati wa swala ukiingia, atamwaga kilichomo mfukoni, atajisafisha kadiri awezavyo, atatawadha, ataswali. Kikitoka kitu baada ya hapo katika wakati huo, swala yake ni sahihi. Atatawadha upya kwa kila swala ya faradhi. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kiasi cha uwezo wake. Na kuuponya mwili unaoweza kupona si hiari yake, ni amana." Kisha akasema, hili si la kitabuni, kwamba safu ya mbele itakuwekea nafasi.

Nimemuuliza sista na mambo mengine yangu. Mfuko unabandikwa, haunuki ukifungwa vizuri. Unaweza kutembea nao, kukaa nao, kupanda lori nao. Tundu lenyewe huwa jekundu na laini kama ndani ya mdomo, haliumi likiguswa.

Tia sahihi, Kassim. Barua hii naipa dereva wa lori la saruji anayekwenda Mombasa moja kwa moja, na nimemwambia asiikalie.

Philemon


Mombasa, 11 Mei 1998

Bismillahi.

Ndugu yangu Philemon,

Anayeandika ni Kaltuma, mimi nasema. Mkono umechoka.

Fatwa ya Maalim Dukicha naijua tangu nikiwa chuoni, nikiwa na miaka tisa. Kila mtoto aliyekaa mkekani anaijua. Nilikutuma ili nipate siku za kuogopa bila mtu kuniona. Nilijua utaenda, nilijua barabara ni mbovu, nikasema huyu atanichukulia wiki tatu. Kila asubuhi daktari alikuja na karatasi yake ya idhini, nami nikimwambia nangoja jibu la wanazuoni. Mtoto yule alikuwa na adabu, akaniamini.

Nilikuwa naogopa kisu. Nimechinja wanyama nisioweza kuwahesabu na najua kilichomo ndani ya tumbo. Basi.

Nilitia sahihi siku barua yako ilipofika. Walinilaza nusukaputi tarehe ishirini na moja Aprili. Walifungua, wakatazama, wakafunga. Ilikuwa imevuka, imefika kwenye nyonga na kwenye ini. Nilipoamka niliuliza mfuko uko wapi, na yule daktari mdogo alivuta kiti akakaa. Daktari akivuta kiti akae karibu nawe, Philemon, hana haja ya kusema.

Nilimuuliza kama ni ile miezi mitatu yako. Alisema hajui. Nikamuuliza kama ni zile wiki zangu tano. Akasema hilo nalo hawezi kulipima. Kwa hiyo tugawane, kama watu wazima. Wewe chukua miezi yako, mimi nachukua wiki zangu, na miezi saba ya kwanza niliyojinyamazia nachukua pia. Ukinidai zaidi ya hapo tutagombana.

Wamenipa ruhusa ya kwenda nyumbani. Nimewekewa mpira wa mkojo, na unatakiwa kuoshwa kila siku, ukiziba usukumwe maji ya chumvi, na baada ya wiki kadhaa ubadilishwe. Chewele hakuna wa kuifanya kazi hiyo. Kaltuma ananiambia ataweza. Kaltuma, andika kama nilivyosema: hataweza, kwa sababu mimi baba yake siwezi. Mke wangu hali kadhalika. Wapwa zangu mikono yao imezoea kwato.

Wewe uliniona uchi nikilia ukingoni mwa mto nikikataa kuingia majini, na hukumwambia mtu. Njoo. Leta mipira miwili ya ziada, glavu, sirinji kubwa, na ile dawa ya kuosha. Leta na samaki mkavu wako ule mwenyewe, hapa hatutakupikia.

Kassim Abduba


Chewele, 6 Julai 1998

Mke wangu Gladys,

Najua ulinitarajia mwezi uliopita. Najua pia umepanda mwenyewe shamba lote la Idsowe, na kwamba nikirudi nitaonyeshwa kila mstari. Nionyeshe. Ninastahili.

Kassim amefariki jana, saa nne asubuhi. Sijapata wa kumwandikia habari hii ila wewe, maana barua zangu zote za mwaka huu zilikuwa zikienda kwake.

Nilifika hapa tarehe thelathini Mei. Alikuwa mwepesi, ningeweza kumbeba kama fungu la kuni. Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, akawaambia waliokuwapo kwamba serikali imemletea dresa aliyeandika kitabu. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilimwosha, nikausafisha mpira, nikapima mkojo na kuutazama rangi, nikamgeuza asipate vidonda. Sikuwaambia watu kwamba ni kazi ile ile ninayoifanya Garsen kila siku na kwamba hapa niliihesabu kila hatua kama mwanafunzi. Ulipoziba nilisukuma maji ya chumvi mpaka mabonge yakatoka, naye alinitukana kwa lugha yake matusi ambayo Adan, mpwa wake, alikataa kunitafsiria. Wakati wa swala nilimwaga mfuko, nikamletea kopo la maji, nikatoka. Hakukosa hata moja. Mwishoni aliswali kwa kope tu.

Kuhusu lile jambo hatukuzungumza. Nilijaribu mara moja, wiki ya pili, nikiwa nimeinama nafunga bendeji ili asinione usoni. Nikaanza, Kassim, ule ukurasa. Akaniambia, "Shika kazi yako, mla samaki." Nikashika kazi yangu. Nimelifikiria neno hilo kila namna, Gladys, na sijui kama lilikuwa msamaha. Nimeamua kulichukua kama lilivyo.

Kaltuma amekuwa akikaa nami jioni akiniandikia. Tumeandika karatasi mpya, na Kassim aliisikiliza yote akiwa amefumba macho. Nilikuwa nimeanza na habari za konokono kama kawaida. Alinikatiza, akasema anza na mzee. Kwa hiyo inaanza na mzee.

Jana alipokata roho, wanaume walikuja kumwosha, maalim wa hapa na Adan na wengine wawili. Mimi si wa dini yao, nikaanza kutoka. Maalim akanishika mkono. Akasema marehemu aliacha agizo kwamba mpira usiguswe na mtu mwingine, autoe Philemon kwanza, ndipo waanze.

Wakasimama kando, wakashika shuka kumsitiri. Nilivaa glavu. Kuna maji kidogo kwenye puto dogo linaloshikilia mpira ndani ya kibofu, nikayavuta kwa sirinji, mililita kumi, nikahesabu mpaka yote yakatoka. Kisha nikaanza kuuvuta mpira, taratibu, kidogo, nikingoja, kidogo tena, vile unavyomfanyia mtu anayeweza kuumia.

Adan aliniinamia akaninong'oneza, "Mzee, hasikii tena."

Nikamwambia najua. Nikaendelea polepole.

Mumeo,
Philemon